Begi Liwe la Mwisho

Majibu kwa walimu, wazazi na wanafunzi wanaojiandaa kwa safari ya skuli nje ya nchi

Jiji la Zanzibar na mji wa Potsdam, Ujerumani, ni miji dada tangu 2017, na barua za mwezi huu nyingi zinaelekea huko. Tumechagua nane. Anayekwenda Uturuki au Uingereza asome pia, ila masharti ya viza ayaulize kwa ubalozi wa nchi husika.

Assalaam alaykum. Skuli yetu imealikwa Potsdam kwa siku kumi mwezi wa Disemba: wanafunzi 24 wa kidato cha pili na cha tatu, walimu 4. Wazazi wameshaanza kuulizia makoti. Tuanze wapi?
*Mwalimu, Wete*

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Makoti yasubiri. Anzeni na majina.

Wekeni mezani daftari la mahudhurio na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, mlinganishe mmoja mmoja. Mtaona mambo. Daftarini Khamis, chetini Hamisi. Huku Fatma, kule Fatuma. Abdalla ana l mbili na hana h, lakini cheti cha baba yake kimeandikwa Abdallah. Mwanakhamis kwenye cheti amekatwa vipande viwili, Mwana Khamis. Skulini hakuna anayejali, lakini pasipoti hufuata cheti cha kuzaliwa, na viza na tiketi hufuata pasipoti. Kosa likishaingia kwenye cheti hutembea nalo hadi kaunta ya ndege, na pale mtoto ndiye anayebaki. Marekebisho yafanywe kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kabla fomu ya pasipoti haijajazwa. Ukirekebisha cheti baada ya pasipoti kutoka, umejitafutia kazi mara mbili.

Wakala wa tiketi msimpe orodha iliyochapwa na karani. Mpeni nakala ya ukurasa wa picha wa kila pasipoti. Na msishtuke tiketi ikirudi imeandikwa ALI/KHAMIS JUMA: jina la mwisho hutangulia, ndivyo tiketi zinavyoandikwa. Kinachotazamwa ni herufi.

Pasipoti yenyewe, kwa nchi za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo), iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakiwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na iwe na kurasa 2 tupu.

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Kundi la watu 28 lisicheze na siku 15. Safari ikiwa katikati ya Disemba, pelekeni maombi mwisho wa Septemba. Wanafunzi na walimu wanaofuatana nao kwa safari ya masomo wamesamehewa ada ya viza, ambayo kwa mtu mzima ni yuro 90. Msamaha huo hauji wenyewe: barua ya mwaliko iseme wazi kwamba ni safari ya masomo, itaje skuli mbili, tarehe, pahala pa kulala na nani analipa nini. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, pamoja na gharama za kurudishwa nyumbani. Picha ni milimita 35 kwa 45, zisizozidi miezi 6. Hijabu inaruhusiwa, ila uso uonekane wote kuanzia kidevu hadi paji, bila kivuli cha ushungi.

Jambo ambalo bajeti za skuli hulisahau ni alama za vidole. Kila aliyetimiza miaka 12 lazima aende mwenyewe kuzitoa, na balozi ziko Dar es Salaam. Kwa skuli ya Wete hiyo ni boti ya kuja Unguja, boti ya kwenda Dar, malazi, chakula, kisha kurudi, kwa watu 28. Ni safari kabla ya safari, na gharama yake iingie kwenye mchango wa mwanzo, isije ikaombwa Septemba kwa dharura.

Wasichana waambiwe mapema: wasipake hina wala piko kwenye ncha za vidole wiki tatu kabla ya siku hiyo. Rangi na maua yanaweza kuifanya mashine isisome mistari ya kidole, na mtoto akarudishwa. Harusi ya dada ikiangukia hapo, apake viganja na miguu, ncha aziache.

Baba wa mtoto wangu yuko Maskati na tumeshaachana. Skuli inataka saini ya wazazi wote wawili. Siwezi kusaini peke yangu?
*Mama, Jang'ombe*

Bibie, usisaini peke yako ukitarajia mambo yapite. Ubalozi ukiona cheti cha kuzaliwa kina jina la baba na barua ya ridhaa haina, faili la mtoto litawekwa kando. Baba aandike barua hukohuko Omani, aithibitishe kwenye ubalozi wa Tanzania ulioko Maskati, aambatishe nakala ya pasipoti yake. Kuipiga picha na kuituma kwa simu ni kwa kuanzia tu. Karatasi yenyewe mpe mtu anayekuja. Iseme jina la mtoto kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, nchi na tarehe, jina la mwalimu anayemwachia mtoto, na ruhusa ya mwalimu huyo kukubali matibabu ya dharura. Hili la mwisho wengi hulisahau, na ndilo daktari atakaloliulizia mtoto akivunjika mkono.

Ikiwa baba amefariki, ni cheti cha kifo. Ikiwa hajulikani alipo, ni amri ya mahakama inayokupa wewe malezi, na hiyo huchukua muda, kwa hivyo ianze leo.

Mwanangu wa kike hajawahi kutoka Unguja. Naambiwa Ujerumani Disemba ni barafu tupu. Nimnunulie nini, na begi liwe la kilo ngapi?
*Mama, Kwahani*

Barafu tupu si lazima, mama. Potsdam mwezi ule mchana huzunguka nyuzi 0 hadi 4, na usiku hushuka chini ya sifuri. Mara nyingi ni mvua nyembamba na upepo, na hiyo ni mbaya kuliko theluji kavu kwa sababu inalowesha.

Usimnunulie koti moja kubwa ukaona umemaliza. Ndani ya majumba na treni kuna joto la nyuzi 20 hivi. Akilivua amebaki na fulana, akilivaa anatoka jasho. Mvalishe tabaka tatu. La kwanza ni fulana nyembamba ya mikono mirefu inayobana mwili, ya sufi au nailoni, isiwe ya pamba. Pamba hunywa jasho ikakaa nalo: mtoto akipanda ngazi za stesheni akatokwa na jasho, dakika kumi baadaye huko nje fulana ile imekuwa kitambaa cha maji baridi mgongoni. La pili ni sweta au flisi. La tatu ni koti lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake, linalofika mapajani.

Makoti hayo yamo kwenye mitumba ya Darajani, na kwa kuwa hapa petu hayana wengi wa kuyavaa, bei huzungumzika. Usinunue kwa macho. Vuta zipu juu chini mara tatu. Tazama mikono kama lastiki bado inashika. Kisha mwombe muuzaji maji kidogo, tia matone machache begani. Yakisimama kama tone juu ya jani la mgomba, chukua. Yakinywewa na kitambaa, rudisha.

Viatu viwe vya kufunika, visivyoingiza maji, na vizidi nusu namba ili soksi nene ienee. Kiatu kinachobana huufanya mguu uwe baridi zaidi, hata kama kimepambwa manyoya. Avivae nyumbani jioni kwa wiki mbili kabla ya safari, majirani wacheke watakavyo, kuliko kutoka malengelenge siku ya pili huko.

Buibui lake lipunguzwe liishie kwenye vifundo. Pindo refu hunywa maji ya barabarani hadi magotini, na kwenye ngazi za umeme ni hatari, kwani hunaswa. Ndani avae suruali ya kubana. Mitandio ya kuteleza, inayotaka pini nne, iache. Hijabu 4 za jezi hukaa zenyewe hata upepo ukivuma, na kofia ya sufi huvaliwa juu yake bila tabu.

Kwa siku kumi zinatosha fulana za ndani 3, sweta 2, suruali za kubana 2, sketi au suruali nzito 2, nguo za ndani 7, soksi jozi 6 zikiwemo nene 3, glavu, na doti moja ya kanga. Kanga usiikose. Ni taulo, ni shuka, ni ya kusalia, na inakauka kwa usiku mmoja karibu na kipasha joto, kitu ambacho jinzi haiwezi.

Tia kandambili na chupa tupu ya plastiki ya nusu lita. Vyoo vya huko vina karatasi, havina maji. Hili watoto huona haya kulisema, kisha siku ya kwanza nzima wanajizuia.

Mafuta ya nazi usimtilie kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Chini ya nyuzi 24 hivi huganda, na kule atakuwa anaitikisa chupa iliyojaa kitu cheupe kisichotoka. Yatie kwenye kikopo cha mdomo mpana, ayachote kwa kidole.

Kuhusu uzito, tiketi nyingi huruhusu kilo 23 za begi kubwa na 7 au 8 za mkononi, lakini soma ya kwenu. Begi la kuondokea lisizidi kilo 15, kwa sababu atalipandisha ngazi za hosteli mwenyewe na mwalimu ana watoto wengine. Mizani ya begi kama huna, apande kwenye mizani ya kawaida peke yake, kisha apande amebeba begi. Tofauti ndiyo kilo za begi. Koti na viatu vizito avivae, visiingie begini. Na mkae pamoja na mzazi wa rafiki yake mpange hivi: seti moja ya nguo za huyu iingie kwenye begi la yule, na ya yule kwa huyu. Begi moja likipotea njiani, hakuna atakayelala na nguo alizosafiria.

Naweza kuchukua pawa benki na manukato? Na chaja yangu itaingia kule?
*Mwanafunzi, Chake Chake*

Pawa benki inapanda nawe mkononi, haiingii begi kubwa kabisa, kwa sababu betri ikishika moto kwenye shehena hakuna wa kuiona. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ya kwako ikiandikwa mAh 20,000, zidisha kwa 3.7 ugawe kwa 1,000 upate 74, inapita. Ile ya bei rahisi isiyoandikwa chochote, au iliyofutika maandishi, huchukuliwa. Mashirika mengine hayataki uitumie ndani ya ndege, kwa hivyo panda na simu iliyojaa.

Manukato, losheni, dawa ya meno na mafuta ya mgando yakiwa mkononi, kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote viingie mfuko mmoja wa plastiki unaoonesha, wa lita 1. Chupa ya mililita 200 iliyobaki robo haikubaliwi, kwani kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa.

Chaja yako ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi za Ujerumani, ambazo ni za pini mbili za mviringo. Nunua adapta hapa hapa kabla hujaondoka. Umeme ni volti 230 kama wetu, hutaunguza kitu. Wanaokwenda Uingereza hawana haja nayo, soketi zao ndizo zetu.

Tunataka kuwapelekea wenyeji zawadi za kwetu: karafuu, maembe, halua, labda na makombe ya baharini. Kuna tatizo?
*Mzazi, Makunduchi*

Makombe acha. Mengine yamo kwenye orodha ya viumbe vinavyolindwa kimataifa, na ofisa wa forodha hatakaa kukufunza lipi ni lipi. Matumbawe na gamba la kasa ndiyo kabisa.

Karafuu biashara yake iko mikononi mwa ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Nunua iliyofungwa dukani kwao, risiti iwe pamoja nayo. Karafuu za kuchota nyumbani kwenye mfuko wa khaki zitakuchelewesha hapa hapa, kabla hata hujaiona Ujerumani. Mdalasini, hiliki na pilipili manga zilizokauka na kufungwa hazina shida.

Matunda mabichi hayaingii Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe, chungwa na shokishoki hazimo. Doriani imo, naam, lakini hakuna abiria wa ndege atakayekushukuru. Nyama na vitu vya maziwa, ikiwemo samli ya kopo, marufuku. Samaki na pweza mkavu wanaruhusiwa, hadi kilo 20. Ila begi la mwanafunzi lenye pweza litawanukisha wenzake wote, na sweta hazifuliki upesi.

Halua peleka, lakini itiwe begi kubwa. Kwenye ukaguzi wa mkononi kitu laini cha kubonyea huhesabiwa kama losheni, na kikapu kizima kinaweza kubaki pale.

Rahisi kuliko zote ni mikoba ya ukili na kanga. Haivunjiki, haioozi, na kanga ina neno la kumsomea mwenyeji.

Mwanangu ana seli mundu. Daktari hakumkataza, lakini nina hofu.
*Baba, Mkoani*

Hofu yako ina msingi, na inaweza kupangiwa. Baridi, kukosa maji mwilini na uchovu ndivyo vinavyoamsha maumivu, na safari hii inavyo vyote vitatu. Daktari wake aandike barua ya Kiingereza yenye jina la ugonjwa, damu yake ya kawaida ni kiasi gani, dawa na vipimo vyake, na afanye nini akishikwa. Dawa zigawanywe mara mbili, kila sehemu ikiwa kwenye pakiti zake za asili: moja kwenye mkoba wake, moja kwa mwalimu. Hata kidonge kimoja kisiingie begi kubwa. Akitumia dawa kali za maumivu, kama tramadoli au zenye kodeini, na ndege ikapitia Dubai, ujue Falme za Kiarabu huzidhibiti dawa hizo na zinataka kibali. Fuatilieni mapema au mbadili njia.

Ndani ya ndege anywe maji kila saa bila kusubiri kiu, na asimame atembee. Huko asibaki na nguo iliyolowa hata nusu saa. Homa ikifika nyuzi 38 ni hospitali usiku uleule, haingoji asubuhi.

Na hili kwa watoto wote: akipata homa huko, au ndani ya wiki za mwanzo baada ya kurudi, mwalimu amwambie daktari kwa sauti, "Tumetoka Tanzania, mpimeni malaria." Daktari wa Ujerumani ataanza kufikiria mafua.

Kadi ya homa ya manjano inahitajika?
*Mzazi, Fuoni*

Ujerumani haiulizi. Ni wakati wa kurudi: mkikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye homa hiyo, kama Ethiopia au Kenya, mtaulizwa hapa. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, na cheti ni cha maisha.

Mimi ndiye nitakayesimamia ibada za wanafunzi, na nimepewa pia kazi ya kuwaeleza wazazi saa ya kuondoka. Nishaurini.
*Ustadh, Mwanakwerekwe*

Ustadh, katikati ya Disemba Potsdam jua huchomoza saa 2 na dakika 10 asubuhi na kuzama saa 10 kasoro dakika chache. Adhuhuri inaingia saa 6 na dakika kidogo mchana, Alasiri kabla ya saa 8, Magharibi hiyo saa 10. Sala tatu ndani ya saa nne, na zote zinaangukia kwenye ratiba ya wenyeji. Kwa hivyo waandikieni kabla: mnaomba chumba kidogo, dakika 15, mara mbili mchana, karibu na maji. Masuala ya kukusanya na kupunguza sala, na ya kupaka maji juu ya soksi wakati wa udhu, yamalizeni na sheikh wenu kabla ya kuondoka ili watoto wasibishane chumbani. Wafunzwe pia kibla. Hapa Unguja wamezoea kuelekea kaskazini. Kule ni kusini-mashariki, na asiyeambiwa atasali kama alivyozoea nyumbani.

Shirika la ndege liarifiwe siku mbili kabla kwamba kundi linataka mlo wa Kiislamu, ambao alama yake kwenye tiketi ni MOML. Peremende laini za kule nyingi zina jelatini ya nguruwe. Waonyesheni watoto neno hilo kwenye pakiti.

Kuhesabu watoto msitumie majina. Wapeni namba 1 hadi 24, vikundi vinne vya sita, kila mwalimu na chake. Mwalimu akisema "hesabu", namba zinatajwa mfululizo, na penye kimya ndipo penye mtoto aliyepotea. Chini ya nusu dakika mmemaliza, hata stesheni yenye kelele. Mahali mtakapokwama zaidi ni mpakani, kwa kuwa tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuwachukua wageni picha na alama za vidole wanapoingia. Kama mnabadilisha ndege ndani ya Ulaya, saa moja na nusu haitoshi kundi. Takeni tatu.

Sasa saa ya kuondoka. Tiketi ikisema 14 DEC 03:25, nusu ya wazazi watamleta mtoto tarehe 14 usiku, ndege ikiwa imeshafika na kurudi. Wengine wataona 3:25 wakadhani saa tatu. Msiwasomee tiketi. Waandikieni kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya kubandika mlangoni: "Ndege inaruka saa 9 na dakika 25 usiku wa kuamkia tarehe 14. Mtoto afike Kisauni, uwanja wa ndege, tarehe 13, saa 5 usiku. Anatoka nyumbani tarehe 13 baada ya Isha." Watoto wa Pemba wawe wameshafika Unguja tangu tarehe 12, kwa sababu boti ikiahirishwa ndege haitawangoja. Mkifika Ujerumani, saa za mkononi zirudisheni nyuma saa mbili.